Taka za meli na uchafuzi wa bandari: maswali ninayoulizwa mara kwa mara Nairobi

Maswali haya yamenifikia kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi wa mazingira, mawakala wa forodha wanaoshinda kwenye bandari kavu ya Embakasi, waagizaji wa bidhaa na majirani zangu wa Umoja. Kabla ya kuhamia Nairobi nilikuwa karani wa wakala wa meli kule bandari ya Kilindini, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa karatasi, na ni karatasi zilizonionyesha kwamba mengi yanayoisibu bahari huamuliwa nchi kavu: kwenye ofisi, kwenye bei, na kwenye lori linalotoka getini.

Nairobi haina bahari. Taka za meli zinatuhusu nini?

Fungua kabati la jikoni. Unga wa ngano, mchele, mafuta ya kupikia. Kisha kumbuka petroli ya matatu uliyopanda asubuhi. Sehemu kubwa ya vitu hivyo, au malighafi yake, ilishukia Mombasa. Meli iliyovileta ilikuwa na mabaharia ishirini na kitu waliopika, wakaoga na kwenda chooni wiki nenda wiki rudi, na injini iliyotoa tope la mafuta usiku na mchana. Uchafu huo ni sehemu ya safari ya mzigo wetu, hata kama hatukuuona.

Halafu kuna mto. Mto Nairobi humwaga maji yake katika Mto Athi, Athi ikateremka ikaitwa Galana, na Galana ikiitwa Sabaki huingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Chupa inayotupwa ukingoni Gikomba ina njia ya maji moja kwa moja hadi baharini bila kupanda meli yoyote. Kwa hiyo tunapowalaumu mabaharia, na wanastahili kulaumiwa wakikosea, tukumbuke kwamba mjini kwetu pia kuna mlango wa bahari.

Meli hutoa uchafu wa namna gani hasa?

Wengi hufikiria chupa na mifuko. Ipo, lakini mtu wa bandari huwaza kwanza kuhusu ngama. Wenye majahazi wa pwani walilijua neno hilo tangu zamani: ni pale chini kabisa ya chombo ambapo maji yanayovuja hukusanyika, yakachotwa na kutolewa kwa kata. Katika meli ya injini, maji ya ngama huchanganyika na dizeli, mafuta ya kulainishia na sabuni ya kuoshea mitambo. Hayo si maji tena.

Kuna pia tope la mafuta. Mafuta mazito husafishwa melini kabla ya kuingia katika injini, na kinachobaki ni tope jeusi, zito kama lami iliyoanza kupoa. Kwa kawaida huwa asilimia 1 hadi 2 ya mafuta yanayotumika. Piga hesabu: meli inayochoma tani 30 kwa siku, ikasafiri siku 10, imechoma tani 300. Tope lake ni tani 3 hadi 6. Ama liteketezwe kwenye tanuri la melini, ama lishushwe bandarini. Njia ya tatu ni kosa la jinai.

Mengine ni maji ya chooni, mabaki ya chakula, plastiki, mbao na magunia yaliyoshikilia shehena, majivu ya tanuri, betri na vifaa vya umeme vilivyokufa, na maji yaliyooshea matangi ya meli za mafuta na kemikali.

Nasikia sheria inaruhusu baadhi ya vitu kumwagwa baharini. Ni kweli?

Ni kweli, kwa masharti. Sheria kuu ni MARPOL, mkataba wa kimataifa wa 1973 wa kuzuia uchafuzi unaotoka melini, uliokamilishwa na itifaki ya 1978 na kuanza kutumika Oktoba 2, 1983. Uliandikwa dunia ikiwa bado na kumbukumbu ya Torrey Canyon, meli ya mafuta iliyokwama kwenye miamba ya pwani ya Uingereza mwaka 1967. Una viambatisho sita: mafuta, kemikali za majimaji, bidhaa hatari zilizofungashwa, maji ya chooni, takataka, na moshi.

Plastiki ni marufuku kila mahali, hata kipande cha kamba ya nailoni. Mabaki ya chakula, katika bahari isiyo eneo maalumu lenye masharti makali zaidi, yakisagwa hadi kupita tundu la milimita 25 yanaweza kumwagwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu. Yasiposagwa, maili 12. Maji ya chooni yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu, zaidi ya maili 3. Ambayo hayajatibiwa, zaidi ya maili 12, kidogo kidogo, meli ikienda mwendo usiopungua noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Maji ya ngama lazima yapite kwenye mtambo wa kutenga mafuta na yasibaki na zaidi ya sehemu 15 za mafuta katika milioni, meli ikiwa safarini.

Neno la kushika hapo ni "safarini". Karibu ruhusa zote hizo hufa pale meli inapofunga kamba gatini. Mafuta yanayoelea kando ya meli iliyotia nanga hayana maelezo ya kisheria ya kujificha nyuma yake.

Sasa bandari inatakiwa kufanya nini?

Hapa ndipo penye uzito. MARPOL haimkatazi nahodha tu. Inaidai serikali kuhakikisha bandari zake zina mahali pa kupokea taka, panapokidhi mahitaji ya meli bila kuzicheleweshea safari bila sababu. Ukimwambia mtu asitupe, sharti umwonyeshe pa kuweka.

Utaratibu ni huu. Angalau saa 24 kabla ya kufika, meli hutuma taarifa kupitia wakala wake: ina taka za aina gani, kiasi gani, itashusha ngapi na itabaki na ngapi. Ikishafunga gatini, lori lenye tangi, au tishari (chombo bapa cha kubebea mizigo majini), huja kunyonya tope na maji ya ngama, na gari jingine huchukua takataka kavu. Mpokeaji hutoa stakabadhi. Mhandisi mkuu huandika katika daftari la mafuta, ofisa wa zamu huandika katika daftari la takataka, na stakabadhi huhifadhiwa humo. Daftari la mafuta hukaa melini miaka 3 baada ya andiko la mwisho, la takataka miaka 2. Tangu Mei 1, 2024 hata meli za ukubwa wa tani 100 zinadaiwa daftari la takataka. Zamani sharti lilianzia tani 400.

Mkaguzi mzuri hahitaji kuona mafuta majini. Anasoma matumizi ya mafuta, anakokotoa tope lililopaswa kuwepo, anapima tangi, kisha anauliza lililopungua limekwenda wapi. Nimewahi kusimama nyuma ya mkaguzi wa namna hiyo akiwa na kalamu na kikokotoo tu, na chumba kizima kikanyamaza.

Taka zikishashuka zinaenda wapi?

Laiti kila mtu angeliuliza swali hili kwanza.

Siku moja nilifungua faili la meli iliyokuwa imeondoka wiki iliyotangulia. Stakabadhi ilisema mita 8 za ujazo za tope zimeshushwa. Nikampigia mwenye lori, akasema alishafikisha. Nikampigia aliyetajwa kuwa mpokeaji, akasema hajaona kitu. Mkubwa wangu akaniambia nifunge faili, kwa kuwa kwa upande wa meli karatasi zimekamilika. Nililifunga, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Mita 8 za ujazo ni lita 8,000. Kama ziliishia kwenye mtaro, basi ile meli ilitii sheria na mji ukachafuka vilevile.

Mfano mkubwa na mchungu zaidi ni wa Abidjan. Mwaka 2006 meli iitwayo Probo Koala ilijaribu kushusha masazo yake Amsterdam. Harufu ilipozidi na bei ya kuyasafisha ikapandishwa mara nyingi, yalirudishwa melini, na meli ikaendelea na safari. Agosti mwaka huohuo zaidi ya mita 500 za ujazo zilishushwa Abidjan na kukabidhiwa mkandarasi wa hapo, na malori yakazimwaga usiku sehemu mbalimbali za jiji. Watu zaidi ya 100,000 walitafuta matibabu, na serikali ya Ivory Coast ilihesabu vifo zaidi ya kumi. Hakuna kilichomwagwa baharini. Kila tone lilipita bandarini.

Kwa Kenya, mwenye gari la taka anatakiwa awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na hati ya kufuatilia taka inayotaja alikozitoa, aliyezibeba na aliyezipokea. Tope na mafuta machafu yana soko halali: yakichujwa huweza kurudi kuwa nishati ya matanuri ya viwandani. Kwa hiyo kumwaga hakutokani na kukosa pa kupeleka tu. Mara nyingi kunatokana na mtu kulipwa kwa kubeba bila kuulizwa alikofikisha. Mimi ningetaka malipo ya mwisho yasitoke hadi stakabadhi ya kiwanda kilichopokea irudi kwa wakala. Ni hatua moja ya karatasi, na ingebana mwanya mpana.

Kama mahali pa kupokelea papo, kwa nini nahodha amwage baharini?

Kwa sababu ya pesa na muda. Bandari ikitoza kwa kila mita ya ujazo, anayeshusha taka nyingi kwa uaminifu hulipa zaidi, na anayefika na tangi tupu lisiloelezeka halipi kitu. Bandari nyingi za Ulaya zimegeuza hesabu hiyo: ada ya taka imo ndani ya ada za bandari, hivyo meli inalipa hata isiposhusha. Ukishalipia, huna sababu ya kutupa. Naupenda mpango huu, nami ningependa uenee bandari zote za ukanda wetu kwa pamoja, maana bandari moja ikiuanza peke yake jirani huweza kuwavutia wenye meli kwa bei ya chini.

Wapo pia wanaofunga bomba la siri linalokwepa mtambo wa kutenga mafuta. Mwaka 2016 kampuni ya Princess Cruises ilikubali nchini Marekani kulipa dola milioni 40 kwa makosa ya namna hiyo. Aliyefichua ni mhandisi mgeni aliyekuwa ameajiriwa karibuni kwenye mojawapo ya meli zake. Aliliona bomba, akapiga picha na kutoa taarifa aliposhuka Uingereza. Vijana wetu wanaosomea ubaharia nawasimulia habari hii kila nipatapo nafasi.

Mabaki ya chakula yana shida gani? Si wapewe wafugaji wa nguruwe?

Tafadhali, hapana. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, ilitokea Georgia mwaka 2007 karibu na bandari ya Poti, na wataalamu waliamini kwamba ilifika kwa mabaki ya chakula ya meli yaliyoliwa na nguruwe. Kutoka huko imesambaa hadi Ulaya na China, na nguruwe wasiohesabika wamekufa au kuuawa. Nyama iliyobaki kwenye sahani ya baharia inaweza kuwa imetoka bara jingine, na virusi vyake havijui mpaka. Chakula cha meli za kigeni kinapaswa kuteketezwa chini ya usimamizi, kisichanganywe na taka za mji. Mfugaji wa Ruai au Kikuyu akiletewa makombo ya bei rahisi aulize yametoka wapi.

Farumi ni nini, na kwa nini inatajwa kwenye uchafuzi?

Farumi ni uzito unaowekwa chini ya chombo kisicho na mzigo ili kisiyumbe. Majahazi yalitumia mawe na mchanga. Meli za leo hutumia maji ya bahari, maelfu ya tani, yanayovutwa bandari moja na kumwagwa nyingine pamoja na mayai, mbegu na vijidudu vilivyomo. Kome wenye milia kutoka Ulaya waliingia maziwa makuu ya Amerika Kaskazini kwa njia hiyo katika miaka ya 1980, wakaziba mabomba ya maji ya miji mizima. Mkataba wa kudhibiti maji ya farumi ni wa 2004, ukaanza kutumika Septemba 8, 2017, na tangu Septemba 8, 2024 meli zinazohusika zinatakiwa kuyatibu maji hayo melini, kubadilisha maji katikati ya bahari hakutoshi tena. Uchafuzi huu ni mbaya kwa namna ya pekee: mafuta huoza baada ya muda, kiumbe kilichopapenda mahali huzaana.

Mafuta yakimwagika bandarini, kinachofuata ni nini?

Kwanza kukata chanzo: kufunga vali, kusimamisha pampu. Kisha kuyazunguka kwa vizuizi vinavyoelea, kuyanyonya na kuyafuta. Saa za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa sababu bandari ya Mombasa iko ndani ya mikono ya bahari iliyozungukwa na mikoko: Port Reitz, Makupa, Tudor. Maji yakijaa hupeleka mafuta ndani ya mikoko. Yakipwa huyaacha yamepaka mizizi ile inayotumiwa na mti kupumua. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hufika mbali zaidi, na madhara nayo. Upepo wa kusi husukuma kaskazini, kaskazi hurudisha kusini, kwa hiyo mkuu wa operesheni asiyejua tarehe ya mwezi na msimu wa upepo amechelewa kabla hajaanza.

Tumewahi kuyaonja haya. Mwaka 1988 mafuta yaliyovuja kutoka tangi la nchi kavu yaliingia Makupa. Aprili 2005 meli ya mafuta ilimwaga mafuta ghafi Kilindini na mikoko ya Port Reitz ikaathirika. Mikoko iliyokufa haisimami tena kwa msimu mmoja. Matope huhifadhi mafuta kwa miaka, na anayevua kamba na kaa kwa mikono ndiye anayeyakanyaga.

Watu huuliza kuhusu dawa za kuyatawanya mafuta. Kwenye maji mengi ya kina kirefu zinaweza kusaidia, lakini kwenye maji mafupi karibu na mikoko na matumbawe huyazamisha mafuta palepale samaki wanapozalia. Zisitumike bila idhini ya mamlaka.

Mimi ni wakala wa mizigo Embakasi. Kazi yangu inagusaje jambo hili?

Kwa neno moja: ukweli wa maelezo ya shehena. Kontena la kemikali likiandikwa "vifaa vya nyumbani" ili kukwepa ada, litawekwa mahali pasipostahili melini, na likivuja hakuna anayejua alidhibiti kwa kitu gani.

Mei 2021 meli ya X-Press Pearl iliwaka moto nje ya Colombo, Sri Lanka. Kabla ya hapo mabaharia walikuwa wamegundua kontena la asidi ya naitriki linavuja. Waliomba kulishusha katika bandari moja ya Qatar na moja ya India, hawakukubaliwa. Meli ilipoungua ilitapika takriban tani 1,680 za punje za plastiki, zikafunika fukwe kama mchele uliomwagika. Nikifikiria ajali hiyo sianzi na moto. Naanza na zile bandari mbili zilizosema hapana.

Bidhaa zenye sumu kwa viumbe vya majini hubandikwa alama ya samaki na mti uliokauka. Ukiiona kwenye kontena lililofika kwa reli Embakasi, usiiondoe wala kuifunika, na ukiona linadondosha majimaji, usiruhusu lioshwe kwa bomba: maji yale yataingia mtaroni, na mitaro ya huku huelekea mtoni.

Na moshi?

Tangu Januari 1, 2020 salfa katika mafuta ya meli isizidi asilimia 0.50; kabla ya hapo kiwango kilikuwa 3.50. Baadhi ya meli huendelea na mafuta mazito kwa kuosha moshi kwa maji, kisha maji hayo hurudishwa baharini, na ndiyo maana bandari kadhaa zimeyakataza. Kuliko yote hayo, meli iliyofunga gatini ikipewa umeme wa nchi kavu huzima jenereta zake, na watu wa Changamwe, jirani na bandari, hupumua.

Mkataba wa Nairobi ndio upi? Naona mambo mawili tofauti.

Uko sahihi, ipo miwili. Wa kwanza ulitiwa saini hapa mwaka 1985 na kuanza kutumika 1996. Unahusu kulinda bahari na pwani ya Bahari Hindi ya Magharibi, kutoka Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, na sekretarieti yake iko Gigiri, chini ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Wa pili ulipitishwa hapahapa Mei 18, 2007 na kuanza kutumika Aprili 14, 2015: unahusu kuondoa mabaki ya meli zilizozama au kukwama. Unamlazimu mwenye meli ya tani 300 na zaidi kuwa na bima ya gharama hizo. Bila bima, meli chakavu ikizama mlangoni mwa bandari, bili humfikia mlipa kodi.

Kenya nani anasimamia?

KMA ndiyo mamlaka ya usalama wa meli na kuzuia uchafuzi unaotoka melini, kwa sheria za 2006 na 2009. KPA inaendesha bandari yenyewe. NEMA, kwa sheria ya mazingira ya 1999, inahusika na taka zikishagusa nchi kavu na madhara kwa mazingira. Kikosi cha walinzi wa pwani kiliundwa mwaka 2018. Tatizo ninalolijua ni pale kila ofisi inaposema kipande hiki ni cha mwenzake, hasa kile cha katikati, kutoka ngazi ya meli hadi geti la kiwanda.

Ziwa Victoria je?

MARPOL iliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini sheria za mazingira za nchi zinafika ziwani, na Kisumu ina sababu kubwa zaidi ya kuogopa mafuta: maji yale hunywewa.

Nikiwa Mombasa nikaona mafuta au taka zinatupwa, nifanye nini?

Usiyaguse na usijaribu kuyawasha. Andika saa, mahali, rangi ya mafuta, upande upepo unakovuma, na kama maji yanajaa au yanapwa. Piga picha ukiwa mahali salama, moja ya karibu na moja inayoonyesha jengo au gati ili pajulikane. Toa taarifa KPA, KMA au NEMA, na uombe nambari ya taarifa yako. Baada ya siku chache ulizia kwa nambari hiyo. Ukiweza, soma jina la meli nyuma yake na ile nambari ya utambulisho ya IMO, shirika la kimataifa la bahari, yenye tarakimu saba. Jina linaweza kupakwa rangi na bendera ikabadilishwa, lakini nambari hiyo hukaa na meli ile tangu inapoundwa hadi inapokatwa vyuma.